Figo za Dada

Musoma, 11 Februari 2024

"Figo ni chujio tu, kama chujio la chai. Likiziba unalizibua, basi, unaendelea kunywa."

Mdogo wangu Mseti, nimetanguliza maneno ya Masanja kabla ya salamu kwa sababu nikitanguliza salamu utasoma salamu peke yake. Rhobi muuza samaki, ambaye hata samaki wake hawanyamazi, ameniambia kwamba huyo Masanja anatoka Bunda kila siku ya mnada na madumu ya dawa ya kijani, anasimama hapo Butiama na kuwahubiria wanaume wazima habari ya chujio, na kwamba wewe, mtoto wa mama yangu, umenunua.

Haya, salamu. Hatujambo. Shemeji yako Fred anabishana na redio kama kawaida na redio inashinda. Binti yetu Judith amepata shule ya kufundisha Mugango, anasema watoto ni wengi na madawati ni ya kuhesabu. Duka la madaftari linakwenda. Goti langu linauma, ila mdomo ni mzima. Msalimie mkeo Dorkas, na umwambie sato ninaowatuma kwa Rhobi ni wa mchuzi, asiwakaushe mpaka wawe kuni.

Unajua kwa nini naandika. Nikipiga simu unasema mtandao unakatika, kumbe anayekata ni wewe. Barua haikatwi.

Sasa nije kwa Masanja. Chujio la chai linashika majani na kuacha chai ipite, na kazi yake imeisha. Figo haifanyi hivyo hata kidogo. Fikiria zizi la baba, lile lenye mlango mwembamba. Asubuhi mlango unafunguliwa, na kila kinachoweza kupenya kinatoka: ndama, mbuzi, kondoo, hata kuku. Yanayobaki ndani ni madume makubwa tu, kwa sababu mlango hauyatoshi. Ndivyo damu inavyofanywa ikifika kwenye figo. Inasukumwa kwenye vifundo vya mishipa myembamba kuliko unywele, mamilioni, na kila kilicho kidogo kinatoka nje: maji, sukari, chumvi, uchafu, vyote pamoja. Chembe za damu na protini, hayo ndiyo madume yako, yanabaki.

Ingeishia hapo tungekufa kabla ya saa sita mchana. Maji yanayotolewa hivyo kwa siku moja ni kama madumu tisa ya lita ishirini. Madumu tisa, Mseti! Nani amewahi kuyakojoa? Hakuna, kwa sababu kazi kubwa ya figo inaanza baada ya mlango kufunguliwa. Kila kifundo kina njia yake ndefu iliyojipinda, na kando ya njia hiyo ni kama wamesimama wachungaji wanaowaita wanyama wao kwa majina. Sukari, rudi. Chumvi, rudi, ila wewe na wewe endeleeni, mmezidi. Maji, rudini, karibu yote. Uchafu hauna anayeuita. Unakwenda zake mpaka kwenye kibofu.

Huo ndio mkojo: ni kile ambacho hakuna aliyekiita nyumbani.

Sasa mwambie Masanja anionyeshe dawa ya kuzibua wachungaji.

Nenda hospitali ukapime mkojo, damu na presha. Sikuulizi kama unaumwa, maana najua utajibu nini.

Dada yako,
Wankyo


Butiama, 3 Machi 2024

Dada Wankyo,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mvua imeanza vizuri, mahindi yameota. Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa, na ndama ana hasira, nimemwita jina lako. Dorkas anasema sato hakuwakausha ila walikaukaga wenyewe njiani.

Habari kubwa ni binti yangu Esther. Anaolewa. Kijana ni wa Suguti, mkulima, mpole mpaka nina wasiwasi. Sherehe ya kumuaga ni Mei. Nitachinja dume, na unajua kwetu figo ni za dada. Usiponiona nikizileta mwenyewe kwenye sahani mbele ya watu, ujue sina dada.

Barua yako niliwasomea wazee pale kwenye josho tulipokuwa tunaogesha ng'ombe. Samahani, lakini ilikuwa tamu, ningeila peke yangu ningekosa adabu. Jilala akasema, "Dada yako angekuwa hakimu, sisi wote tungekuwa ndani." Ngusa akauliza kama madumu tisa yanatoka kila siku, mbona yeye anateka maji mtoni? Abraham yeye akasema zizi amelielewa ila chujio ni rahisi kukumbuka. Masanja mwenyewe alikuja siku ya mnada, nikamsomea. Akacheka, akasema, "Huyo mama anauza madaftari, mimi nauza dawa. Kila mtu asifie chake."

Mimi sina shida, dada. Nikwambie ushahidi wangu ambao hauhitaji daktari. Mkojo wangu ni mweupe. Mweupe kabisa, kama maji ya kisima, hata asubuhi. Na ni mwingi, mpaka usiku naamkaga mara nyingi. Zamani nilikuwaga na ule wa njano wenye harufu. Tangu nianze dawa ya Masanja umetakata. Kama chujio lingekuwa limeziba, mkojo mweupe na mwingi hivyo ungetoka wapi? Huoni hapo umeshindwa?

Mgongo tu ndio unanisumbua, na kwa huo nina vidonge vyangu vya maumivu vya dukani, namezaga kila siku napona.

Msalimie shemeji. Mwambie redio haiwezi kushindwa kwa sababu haimsikii.

Mdogo wako,
Mseti


Musoma, 24 Machi 2024

Mdogo wangu,

Hongera sana kwa Esther. Nimefurahi mpaka nimefunga duka nikaenda kununua kitenge, na Fred ameuliza kama tunahama. Huyo kijana mpole mwache na upole wake. Kwenye ukoo wetu anahitajika hata mmoja. Kwa ndama, asante. Asipopiga mtu teke atakuwa ameniaibisha.

Sasa keti. Ukiwasomea tena wale wa josho, wasomee na hii, usiruke mahali.

Umesema mkojo mweupe ndio ushahidi wako. Nimesoma sentensi hiyo nikaweka barua chini nikatoka nje. Mseti, mweupe si msafi! Ni neno tu limekudanganya, kwa sababu shati jeupe ni safi na maziwa meupe ni mazuri. Mtu mwenye figo nzima akilala usiku kucha bila kunywa maji, ubongo wake unazitumia figo habari kwamba maji yamepungua, na wale wachungaji wanaita maji kwa nguvu: rudini, rudini nyote. Uchafu unaachwa na maji kidogo tu, kwa hiyo mkojo wa asubuhi unatoka mchache, wa njano iliyokolea, na harufu. Ile njano uliyoikimbia ilikuwa wachungaji wako kazini.

Mtu akinywa maji mengi akakojoa mweupe, sina ugomvi naye. Wewe hunywi kitu usiku, unaamka mara nyingi, na asubuhi bado ni maji ya kisima. Maana yake mlango unafunguliwa, maji yanatoka, na hakuna anayeyaita. Wachungaji wamechoka au wamekufa. Na uchafu ambao ungetoka nao haujatoka wote, umebaki kwenye damu. Dawa ya Masanja haikutakasa chochote. Kama imefanya lolote, imewapiga wachungaji waliobaki. Na hivyo vidonge vya mgongo unavyomeza kama karanga, hivyo navyo vinabana mishipa inayolisha figo. Viache leo. Mgongo ukiuma niandikie, nitaugombeza mimi.

Halafu nikuulize: huo mkojo mweupe una povu? Povu linalokaa, kama la sabuni? Kama lipo, ujue mlango wa zizi umepanuka na madume yanatoka. Sikutegemei unijibu.

Hukuniambia habari ya miguu. Kila barua unaandika ng'ombe, mahindi, ndama, miguu haimo. Rhobi anasema ulipokea samaki ukiwa na kandambili ambazo umezikata mikanda.

Unakumbuka miguu ya baba. Unakumbuka tulivyobonyeza kwa kidole na shimo likabaki. Unakumbuka pia tulimsema nani, yule mama jirani, mpaka akahama kwenda Buhemba na watoto wake. Baba hakulogwa na mtu. Aliumwa figo, na tulikaa naye bila kujua hata neno hilo.

Kapime.

Dada yako,
Wankyo


Butiama, 19 Mei 2024

Dada,

Sherehe ilikuwa jana. Watu walikuja mpaka kutoka Bunda. Esther alipendeza.

Wewe hukuja. Shemeji Fred alikuja peke yake na kile kitenge kwenye mfuko, akasema una udhuru. Nilimuuliza udhuru gani, akaanza kuongea habari ya redio. Nilisimama mbele ya watu nikiwa na sahani ya figo. MC akaita dada wa baba wa binti. Akaita tena. Ngusa akanitoa aibu, akasema dada yuko njiani, nami nikakaa.

Barua yako ya Machi sikuwasomea wa josho. Habari ya baba si ya kuandika. Na habari ya miguu yangu si ya Rhobi.

Figo ni zako hata hivyo. Rhobi anaondoka sasa hivi alfajiri, ameziweka na barafu ya samaki. Kama ziko na harufu ya furu wake, ungezitaka zikiwa moto ungekuja.

Mseti


Musoma, 26 Mei 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Zimefika. Zina harufu ya furu kweli. Nimeoga aibu yangu yote, nami sina la kusema zaidi ya kwamba nisamehe. Esther nimempigia simu, nimemwomba radhi mwenyewe, tumelia, tumecheka, amenisamehe haraka kuliko baba yake. Udhuru wangu ulikuwa udhuru. Usimbane Fred, hajui kudanganya, utamuumiza bure.

Goti limepoa kidogo. Judith anakusalimu.

Sikuzipika mara moja. Moja niliiweka kwenye ubao nikaipasua katikati kwa kisu cha samaki, na ninakuandikia nilichokiona, kwa sababu umeshika figo za ng'ombe tangu utoto na nina hakika hujawahi kuitazama ndani. Mimi pia, nilikuwa nazila tu.

Figo ya ng'ombe kwa nje ina vinundu vinundu kama kishada cha zabibu. Yangu na yako ni laini, umbo la haragwe. Ukipasua unaona kwanza ukanda wa nje, wa hudhurungi, kama udongo uliolowa. Humo ndimo vilimo vile vifundo, milango yote ya zizi. Ndani ya ukanda huo kuna sehemu zilizokoza rangi, zimechongoka kama mapaa ya nyumba za zamani, na ukisogeza kwenye mwanga zina mistari, laini kama meno ya chanuo. Hiyo mistari ni zile njia. Zinashuka, zinapinda, zinapanda tena, na huko ndiko maji yanakoitwa. Kwenye ncha ya kila paa kuna kikombe cheupe kinachopokea kisichoitwa, na vikombe vyote vinamwaga kwenye mrija mmoja kwenda kibofuni. Mshipa wa damu unaoingia ni mnene kuliko nilivyodhani. Kitu kidogo kama hiki, na karibu robo ya damu inayotoka moyoni inakwenda kwake moja kwa moja. Mwili unakipa heshima ambayo sisi hatukipi.

Nilikaa nayo mkononi nikafikiri hivi. Chujio likiharibika unanunua lingine sokoni. Mchungaji akifa kwenye njia ile, hazaliwi mwingine. Waliobaki wanafanya kazi yake kimya kimya, bila kulalamika, na ndiyo maana mgonjwa wa figo husema "sina shida" hadi nusu imekwisha, na zaidi ya nusu. Figo haina kelele, Mseti. Haina tabia zangu.

Kisha nikaipika na vitunguu, nikala yote, na Fred sikumpa. Ni za dada.

Sikuandiki kapime. Nimelisema mara mbili, na mara ya tatu ungenichukia. Nimekuandikia tu nilichokiona.

Wankyo


Butiama, 14 Agosti 2024

Dada Wankyo,

Salamu. Mahindi tumevuna, panya wamevuna pia. Ndama wako amempiga Abraham teke, akachechemea siku nzima. Tumekupongeza.

Nimekaa kimya muda mrefu. Ni kwa sababu nilikwenda Bunda. Nilipita mbali na Musoma makusudi ili nisikutane na wewe mlangoni pa hospitali umeshika daftari. Dorkas alinisindikiza. Nilikojoa kwenye kikopo, na povu lilikuwepo. Lilikuwepo tangu mwaka jana, dada. Nilikuwaga namwagia maji haraka Dorkas asilione.

Daktari ni binti mdogo, anaitwa Miriamu, angeweza kuwa mwanangu. Alipima presha akapima tena, akasema, "Baba, hii ndiyo imekula figo zako, umekuwa nayo miaka bila kujua." Nikamwambia habari ya mkojo mweupe. Akasema karibu kila mwanaume wa huku anamwambia hivyo hivyo. Dawa ya Masanja na vile vidonge vya mgongo amevitupa kwenye pipa mbele yangu. Amesema sehemu za figo zilizoharibika haziponi, zilizobaki zinaweza kulindwa miaka mingi nikitulia: vidonge vya presha kila siku, chumvi kidogo, na kurudi kliniki nikiitwa. Mashine ya kusafisha damu bado siihitaji. Amesema bado. Hilo neno nimelibeba mpaka nyumbani.

Viatu bado havijaingia ila miguu imepungua.

Sasa na mimi nina la kukuuliza, na usinipe habari ya goti. Judith amemwambia Esther kwamba Mei ulikuwa Mwanza, hospitali, na si mara moja. Mtu anayeuza madaftari Musoma ana shughuli gani hospitali ya Mwanza? Unaumwa? Fred nilimpigia, akasema huumwi, halafu akakata simu. Kumbe na yeye anakataga.

Nimelala nalo, nimeamka nalo, nadhani nimelijua. Ulikwenda kupima zako. Ulitaka kujua kama ni nzima, na kama damu yako na yangu zinapatana, ili unipe moja. Nami siku ile nilisimama na sahani mbele ya watu nikikulaumu moyoni.

Nisikilize, dada, kwa mara moja mimi ndiye nasema. Kwetu figo zinatoka kwa kaka zinakwenda kwa dada. Zikishaingia mkononi mwa dada hazirudi. Usiniletee mzaha huo.

Mdogo wako,
Mseti


Musoma, 1 Septemba 2024

Mdogo wangu mpendwa Mseti,

Hatujambo. Fred amekiri kwamba alikata simu, na anasema aliogopa kwamba sauti yangu ingesikika nyuma. Judith nimemgombeza, kisha nimemnunulia viatu. Umwambie binti Miriamu kwamba Musoma ana mama ambaye hajamwona na tayari anampenda.

Siumwi. Nilichopima ni kizima, na kitabaki mahali pake maadamu na wewe utabaki kwenye vidonge vyako. Hayo ndiyo nitakayosema juu ya Mwanza. Kuhusu mila, sibishani nayo leo. Lakini ukiacha dawa ukanilazimisha nibishane nayo, unajua nimeshindwa ubishi na nani maishani. Sijamwona bado.

Ulipoandika lile "bado", nilifunga duka. Safari hii sikwenda kununua kitenge. Nilikaa tu nyuma ya kaunta.

Barua hii sasa ipeleke kwenye josho, na kuanzia hapa uisome kwa sauti. Usilainishe.

Masanja, najua unasikiliza. Sikuulizi ulipata wapi hiyo dawa. Nakutaka siku ya mnada ijayo unywe dumu moja la dawa yako mbele ya watu, kisha twende wote Bunda upimwe damu. Usipoweza, kauze chai. Chujio lako litapata kazi.

Jilala, wewe ulisema ningekuwa hakimu. Basi nahukumu: kesho, kabla hujaogesha ng'ombe hata mmoja, kapime presha. Usiseme huumwi popote. Mseti naye hakuumwa popote.

Ngusa, ulimtoa ndugu yangu aibu mbele ya watu, na hilo sitalisahau. Ila madumu tisa ni ya kweli. Yanabebwa kila siku ndani yako na wachungaji usiowaona, nawe hujawahi kuwauliza hata kama wamekula. Nenda na kikopo cha mkojo wa asubuhi, wa kwanza kabisa, na uuangalie kama una povu kabla hujampa daktari.

Abraham, pole kwa teke. Ulisema chujio ni rahisi kukumbuka. Basi kumbuka zizi, kwa kuwa wewe unalo. Na baba yako alivimba kama baba yetu, nilikuwepo msibani. Wewe ndiye uwe wa kwanza kwenda. Ukirudi, pitia Buhemba, umtafute yule mama tuliyemsingizia baba alipokufa, umwambie Wankyo anakuja kumwomba radhi kwa miguu yake.

Na wewe Mseti. Najua kila Krismasi unachinja, na najua figo ni zangu. Safari hii Rhobi sitampokea, wala barafu yake. Figo nyingine za ukoo huu sitaki zinifikie kwenye sahani ya matanga. Zilete mwenyewe, zikiwa moto, mpaka mlangoni kwangu Musoma, ukiwa umevaa viatu vya kufunga kamba.

Nitakuwa nimekaa kibarazani. Nitaangalia miguu kwanza.

Dada yako,
Wankyo